Kusi Kwenda, Kaskazi Kurudi: Mwongozo wa Safari ya Baiskeli ya Hisani kutoka Ndia Kuu hadi Malindi

Malindi iko kilomita 120 hivi kaskazini ya Mji wa Kale wa Mombasa. Mtu mwenye afya ya kawaida, akijiandaa miezi miwili na nusu, anaweza kuzimaliza kwa baiskeli ndani ya siku moja. Kwa hivyo kama umealikwa kwenye safari ya baiskeli ya kuchangia hospitali au shule, au wewe na vijana wenzako wa mtaani mnafikiria kuianzisha, swali la kwanza lisiwe kama miguu itaweza. Itaweza. Uliza kwanza pesa za watu zitapita mikononi mwa nani.

Safari za namna hii zina wenyewe waliotutangulia. Tanzania, tangu mwaka 2002, mgodi wa dhahabu wa Geita umekuwa ukiandaa Kili Challenge kuchangia vita dhidi ya UKIMWI: kundi moja hupanda Mlima Kilimanjaro, jingine huuzunguka kwa baiskeli. Kenya kuna mashindano ya 10to4 kwenye miteremko ya Mlima Kenya, ambayo mapato yake huenda kwa Mount Kenya Trust kuhifadhi mlima wenyewe. Na huko Massachusetts, Marekani, kuna Pan-Mass Challenge, iliyoanzishwa na Billy Starr mwaka 1980 kuchangia taasisi ya saratani ya Dana-Farber. Hii ya mwisho ina jambo la kuigwa: kila dola aliyochangisha mwendeshaji huenda kwenye taasisi, na gharama za safari hulipwa kwa ada za waendeshaji na kwa wadhamini. Tutalirudia hilo sasa hivi.

Pesa kwanza

Chagua mlengwa mmoja, mwenye jina na mlango unaobishika. Mombasa hawakosekani. Port Reitz kuna shule ya watoto wenye ulemavu wa viungo. Likoni kuna shule ya wasioona. Shule ya Tom Mboya inasomesha watoto wenye mtindio wa ubongo. Kuna pia wodi za Hospitali Kuu ya Pwani, ambayo wazee bado huiita Makadara. Nenda mwenyewe, omba kuonana na mkuu wa mahali, umuulize wanachohitaji. Usiwaamulie. Huenda shule ina viti vya magurudumu vya kutosha ila haina fundi wa kuvitengeneza, nawe ukawapelekea viti kumi vingine vya kujaza ghala. Mkishakubaliana, omba barua yenye muhuri inayotaja kitu chenyewe na bei yake.

Pili, sheria. Kuchangisha pesa za umma Kenya kunaongozwa na Sheria ya Michango ya Hadhara, Sura ya 106, nayo inadai leseni. Njia nyepesi kwa kundi la mtaa ni kufanya safari chini ya chama au taasisi iliyokwisha kusajiliwa, na kuulizia leseni kabla ya bango la kwanza kubandikwa.

Tatu, pesa ziingie wapi? Ikiwezekana, ziende moja kwa moja kwenye namba ya lipa ya mlengwa au akaunti ya benki yenye watia sahihi watatu. Usikubali namba ya simu ya mtu binafsi. Hata awe mwaminifu vipi, simu yake itachanganya pesa za mchango na pesa za sukari ya nyumbani, na siku ya kuzitenganisha kila mtu atakuwa na hesabu yake.

Nne, tenganisha gharama na mchango. Tuchukue mfano. Waendeshaji 30, kila mmoja anaahidi kuchangisha shilingi 10,000: hizo ni 300,000. Gari la nyuma, kenta ya kurudisha baiskeli, maji, chakula na mtu wa huduma ya kwanza, tuseme vitachukua shilingi 90,000. Mkizitoa ndani ya mchango, mlengwa anapata 210,000, na yule bibi aliyetoa shilingi 500 zake kwa ajili ya mtoto asiyeona amekununulia wewe chakula cha mchana Kilifi. Kila mwendeshaji akilipa ada ya shilingi 3,000 kutoka mfukoni mwake, 300,000 zinafika nzima. Hili likubaliwe kwenye kikao cha kwanza. Asiyeweza ada atafutiwe mdhamini kimyakimya, asiaibishwe.

Kuomba nako kuna adabu yake. Mji wa Kale watu wanajuana hadi babu wa tatu, na usipoaminika wewe, watauliza baba yako ni nani. Usiwavamie wazee barazani wakiwa kwenye bao. Ngoja baada ya Isha, kahawa imeshazunguka, uanze kwa salamu kamili, ndipo utoe barua. Utaulizwa maswali matatu: pesa zinakwenda wapi, nani anazishika, na wewe unapata nini. Uwe na jibu la sentensi moja kwa kila swali. La tatu jibu lake ni: «Sipati kitu, ami, na ada yangu nimelipa mwenyewe.»

Wako wanaopenda kuahidi kwa kilomita. Shilingi 50 kwa kilomita ni 6,000 ukifika Malindi. Mtindo huo unachangamsha, lakini una mtego: ukiishiwa nguvu njiani, Matsangoni, utaulazimisha mwili kwa sababu ya deni. Afadhali ahadi ya jumla, na ikusanywe kabla hujaondoka. Ahadi iliyobaki baada ya safari ni ngumu kuikusanya kuliko kupanda kilima cha Mazeras.

Tarehe huchaguliwa na upepo

Ukiifuata Ndia Kuu mpaka mwisho unatokea bandari ya zamani, ambako majahazi ya Arabuni yalikuwa yakiingia na upepo wa kaskazi na kuondoka na ule wa kusi. Hakuna nahodha aliyepanga safari kwa kutazama siku ya mapumziko peke yake. Wewe pia usipange hivyo. Barabara ya Malindi inafuata pwani kuelekea kaskazini na mashariki kidogo, kwa hivyo upepo ama unakusukuma mgongoni ama unakupiga kifuani kwa saa sita.

Kusi huvuma kuanzia Aprili hivi hadi Septemba au Oktoba. Aprili na Mei ni masika, barabara zinajaa maji, ziache. Miezi mizuri ni Julai, Agosti na Septemba: joto limepungua na upepo uko nyuma yako njia nzima. Januari na Februari ni kaskazi, jua kali, na ukielekea Malindi utakula upepo wa uso mpaka ukome. Ikiwa lazima iwe miezi hiyo, geuzeni safari: pakieni baiskeli kwenye kenta Jumamosi, mlale Malindi, Jumapili mwendeshe kurudi Mombasa. Kusi kwenda, kaskazi kurudi.

Tazama pia kalenda ya Hijria, maana Ramadhani husogea nyuma siku 11 hivi kila mwaka. Safari isiangukie humo wala wiki mbili baada yake, kwa sababu wengi watakuwa hawajafanya mazoezi marefu. Siku ya wiki iwe Jumapili.

Na barabara ya Nairobi? Kilomita 480 na ushei, njia ya malori usiku na mchana, na kutoka usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 1,600. Wanaoiweza huanzia Nairobi kuja chini, kwa siku tatu au nne, na wengi wao hulala Makindu, ambako hekalu la Makalasinga hupokea msafiri yeyote na kumlisha bure. Isiwe safari yako ya kwanza.

Baiskeli na mavazi

Huhitaji baiskeli ya mashindano. Inatosha baiskeli ya mtumba yenye gia zinazofanya kazi, breki mbili zinazoshika, na tairi zisizo na nyufa pembeni. Baiskeli ya mlimani inafaa, ila badilisha tairi zake za meno kwa nyembamba laini. Utaona tofauti kabla hujafika Mtwapa. Ile nyeusi nzito ya zamani, wanayoiita Black Mamba, itafika pia, lakini haina gia na wewe utaulipa uzito wake.

Mpelekee fundi wiki tatu kabla, si siku ya mwisho. Mwambie akague vitu vitano: cheni, nyaya za breki, mipira ya breki, spoki, na beringi za magurudumu. Hewa yetu ya chumvi hula cheni haraka. Ifute kwa kitambaa kikavu kila baada ya kuendesha, itie mafuta tone kwa tone, uyafute yaliyozidi, maana mafuta mengi huokota mchanga.

Kiti ndicho chanzo cha maumivu mengi ya magoti. Kaa juu yake, weka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa: mguu uwe umenyooka bila nyonga kuinama upande. Ukikanyaga sasa kwa mpira wa unyayo, goti litapinda kidogo, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Beba mwenyewe tyubu mbili, viraka na gundi, vijiti vya kutolea tairi, pampu ndogo, na funguo zinazoingia kwenye skrubu za baiskeli yako. Hamadi kibindoni. Gari la nyuma linaweza kuwa kilomita kumi nyuma likimhudumia mwingine. Jifunze kubadilisha tyubu nyumbani hadi uweze kwa dakika kumi.

Mavazi: kofia ngumu ni lazima, na mwandalizi amrudishe nyumbani asiyekuwa nayo. Nguo ziwe nyepesi na zenye rangi ya kuonekana. Akina dada wanaoendesha kwa stara wavae suruali isiyopwaya miguuni na kanzu fupi ya michezo juu yake. Buibui na cheni havipatani. Chini ya kofia ngumu, hijabu ya kitambaa chembamba isiyo na pini, kwani pini huchoma kofia inapobana. Miwani inazuia vumbi na wadudu. Na pakaza mafuta mazito pale ngozi inapokutana na kiti, kabla ya kuondoka. Baada ya michubuko huwa yamechelewa.

Wiki kumi za mazoezi

Anza na kilomita 20, mara tatu kwa wiki. Mara mbili ziwe fupi, moja ndefu ya mwisho wa wiki. Ile ndefu iongezwe kidogo kidogo: 20, 30, 40, mpaka ufike 80 au 90 wiki mbili kabla ya safari. Hapo punguza. Wiki ya mwisho ni ya kupumzika. Hakuna nguvu utakayoipata siku tatu kabla, ila uchovu.

Kwa mazoezi mafupi, zunguka kisiwa alfajiri: toka Ngome ya Yesu, pita Mama Ngina, urudi kabla matatu hazijajaa. Kwa yale marefu vuka Daraja la Nyali uende Mtwapa, baadaye Vipingo, baadaye Kilifi. Usijisumbue na milima, njia yenyewe haina kupanda kwa kutisha. Kinachowaangusha watu njia ya Malindi ni joto, kwa hivyo baadhi ya mazoezi uyafanye saa tatu au saa nne asubuhi, mwili uzoee kutoka jasho. Wakati wa mfungo endesha kidogo tu, baada ya futari na tarawehe.

Jizoeze pia kuendesha na wenzio. Mstari mmoja, gurudumu lako lisiingie pembeni ya la mbele, na kila hatari ipazwe sauti kutoka mbele mpaka nyuma: «Shimo kushoto!» «Tuta!» «Gari nyuma!» Kundi lisizidi watu kumi, wakizidi, gawanyikeni kwa nafasi ya dakika mbili ili gari liweze kupita.

Siku yenyewe, kipande kwa kipande

Kutaneni nje ya Ngome ya Yesu baada ya swala ya Alfajiri, si ndani ya Ndia Kuu. Barabara hiyo ni nyembamba, watu wamelala madirishani juu yenu, na kona zake zina paka, mikokoteni na watoto wa chuoni. Mkitaka kuipita kwa heshima ya mahali, ipiteni polepole, mstari mmoja, bila kengele. Anzeni safari saa kumi na mbili kamili, kunapopambazuka. Taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma ziwe zinawaka hadi jua litoke.

*Kisiwani hadi Mtwapa.* Digo Road, Abdel Nasser, Buxton, kisha Daraja la Nyali. Hatari ya kipande hiki ni soko la Kongowea, ambako tangu usiku malori yanashusha mboga na mahamali wanakatiza barabara wakiwa na mizigo mgongoni. Shusheni mwendo. Kutoka hapo Bamburi na Shanzu, matatu husimama ghafla upande wenu wa kushoto. Ukiiona inapunguza mwendo, tazama nyuma kwanza, ndipo uizunguke. Kabla ya Daraja la Mtwapa kuna mteremko mzuri na baada yake mpando mfupi: teremsha gia mapema.

*Mtwapa hadi Kilifi.* Barabara imekuwa ikipanuliwa, kwa hivyo tarajieni michepuko, kokoto na kingo za lami zilizokatika. Kingo hizo ndizo huangusha waendeshaji, gurudumu likishuka na kugoma kupanda tena. Ukishuka, usilazimishe, punguza mwendo, simama, panda upya. Vipingo mtakuta mashamba ya katani pande zote, uwazi usio na kivuli. Kunyweni kabla yake. Daraja la Kilifi, lililofunguliwa mwaka 1991 na kuondoa kivuko, lina upepo wa ubavuni unaoyumbisha: shikeni usukani kwa mikono miwili na msisimame katikati kupiga picha.

Kilifi ni nusu ya njia, kilomita 60 hivi. Kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa na vituo viwili mtafika saa tatu na nusu. Pumzikeni saa nzima. Hapa ndipo pawe na sharti: asiyefika Kilifi kabla ya saa tano asubuhi, safari yake imeishia hapo, na heshima yake iko palepale. Sharti hili litangazwe Mombasa, lisianze kujadiliwa Kilifi. Kundi lenye wageni wengi wa baiskeli ligawanye safari siku mbili na lilale Kilifi.

*Kilifi hadi Malindi.* Baada ya Tezo na Matsangoni mnaingia ubavuni mwa msitu wa Arabuko Sokoke, kilomita za mraba 420 hivi, mkubwa kuliko misitu yote mikavu ya pwani iliyosalia Afrika Mashariki. Magari hapa hukimbia sana kwa sababu barabara imenyooka, nanyi mtakuwa mmechoka. Msiachane. Ni kipande hiki ambapo kijana mwenye nguvu hutaka kutangulia na wengine wakamfuata mpaka wakaishiwa. Usisafirie nyota ya mwenzio: endesha mwendo unaoweza kuzungumza ukiwa nao, ukishindwa kumaliza sentensi, punguza. Ukifika njia panda ya Gede, yenye magofu yaliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2024, zimebaki kilomita 16 hivi, nazo ni tambarare.

Kula na kunywa

Kabla ya kuondoka: uji, mkate na ndizi, au mahamri mawili na chai. Mbaazi za nazi ni tamu, lakini mafuta ya nazi hukaa tumboni. Ziache ziwasubiri Malindi. Njiani, kila saa kula tende tano au sita na ndizi moja, kabla njaa haijaanza. Ukisubiri njaa, miguu itakuwa imeshakatika.

Maji: nusu lita hadi robo tatu ya lita kwa saa, kidogo kidogo. Maji matupu kwa siku nzima ya jasho si salama, kwani chumvi ya mwilini inapungua na kichwa kinaanza kuzunguka. Dafu ni zuri lakini lina chumvi kidogo. Kwa hivyo kwenye vituo kuwe na karanga za chumvi, viazi vya kuchemsha na chumvi, au maji ya ndimu yenye sukari na chumvi kidogo.

Mambo yakiharibika

Gari la nyuma liwe na dereva asiyeendesha baiskeli siku hiyo, sanduku la huduma ya kwanza, maji, na nafasi ya watu na baiskeli zao. Waarifuni polisi wa trafiki wiki moja kabla. Kila mtu awe ameandika kwenye karatasi mfukoni jina lake, namba ya jamaa yake na maradhi aliyonayo. Ambulensi ya Msalaba Mwekundu hupatikana kwa namba 1199, kupiga simu ni bure. Hospitali ya rufaa iko Kilifi, na Malindi kuna hospitali pia. Ukiumia katikati, itategemea uko karibu na ipi.

Mtu akiacha kutoka jasho, au akianza kuongea ovyo au kuyumba, safari imekwisha kwake. Mwekeni kivulini, mvueni kofia, mmwagieni maji kichwani na shingoni, mmpepee, na mpige simu. Asibembelezwe kumalizia, wala asiruhusiwe kubembeleza.

Mkishafika

Baiskeli zipande kenta, watu wapande gari. Kurudi Mombasa jioni kwa baiskeli, mmechoka na jua linazama, ni kutafuta balaa.

Siku inayofuata ndiyo kazi inaanza tena. Kusanyeni ahadi zilizobaki ndani ya wiki moja. Baada ya wiki hiyo ukunjufu wa mchangiaji hupungua. Mpelekeeni mlengwa mchango akiwa na daftari la stakabadhi, mpate yake yenye muhuri. Watoto wasipangwe mstari kupigwa picha wakipokea. Picha ya kifaa kilichonunuliwa yatosha.

Kisha, ndani ya siku 14, andikeni hesabu ukurasa mmoja: zilizoingia, zilizotoka, zilizofika, na nakala ya stakabadhi. Ibandikeni barazani, msikitini kama imamu ameruhusu, madukani mlikopita, na muitume kwenye kila kundi la simu mlilolitumia kuomba. Aliyetoa shilingi 100 aone karatasi ileile aliyoiona aliyetoa 50,000. Mkiibandika kwa wakati, mwaka ujao hamtaulizwa tena yale maswali matatu. Mtaulizwa mnaondoka lini.